Mjadala: Ndege za kivita za zamani zilizobaki chache, mwenye nazo aruhusiwe kuendelea kuzirusha?

Wakuu habari zenu. Naleta hii mada kwasababu nimekuwa nafuatilia sana ndege za vita kuu ya pili na zile jeti za miaka ya 50 mpaka 80 ambazo sasa ziko mikononi mwa watu binafsi, yaani mtu ana hela zake ananunua Spitfire au P-51 au hata MiG, anaijenga upya, anaipeleka kwenye maonyesho watu wanashangilia. Swali langu ni hili: ndege ambayo zimebaki za kuhesabu duniani, mwenye nayo aruhusiwe kuirusha kisa ni mali yake?

Msimamo wangu nausema mapema tusizunguke. Kumiliki amiliki, sina neno. Kuirusha juu ya watu, au kupakia abiria wanaolipa, hapana. Na zile zilizobaki moja au mbili ambazo bado zina bati lake la kiwandani, hizo zisipae kabisa hata kama ameenda kurusha jangwani peke yake.

Tuanze na watu maana chuma kinafuata baadaye. Tarehe 2 Oktoba 2019 B-17 (ndege kubwa ya mabomu ya Marekani ya vita kuu ya pili) iliyoitwa Nine-O-Nine ilipaa uwanja wa Bradley kule Connecticut, Marekani, ikiwa na watu 13, 10 kati yao abiria. Muda mfupi tu injini namba 4 ikasumbua, rubani akaizima akageuza arudi kutua, akashusha magurudumu mapema mno, spidi ikaisha, ikapiga chini kabla ya kufika vizuri. Wakafa 7. Sasa soma wachunguzi walichokuta walipofungua injini. Kila injini ya namna ile ina magneto mbili za kutoa cheche, ili moja ikifa nyingine ibebe. Kwenye ile namba 4, magneto moja waya wake ulikuwa umelegea ukagusa pasipotakiwa ikawa haitoi kitu, na ile ya pili imechakaa kiasi kwamba silinda nyingine zinapata cheche dhaifu au hazipati kabisa. Alafu injini namba 3, ambayo ndio ilitakiwa ibebe upande ule, plagi zake nazo nafasi zimepitiliza. Hiyo ni sevisi wakuu, ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupimia plagi, na watu walipanda wakiamini imefanyika! Mwaka 2020 mamlaka ya anga ya Marekani ikawafutia wale jamaa kibali cha kubeba abiria.

Shoreham, Uingereza, 22 Agosti 2015, hapo ndio panaponiuma zaidi. Jeti ya kivita Hawker Hunter ya mwaka 1955, mali ya mtu binafsi, rubani kaingia kwenye mzunguko wa kupinduka angani, ilitakiwa kule juu awe ana angalau futi 3,500 ndio ashuke, yeye alikuwa na kama 2,700, na akaendelea kushuka. Ikadondoka kwenye barabara ya A27. Waliokufa ni 11 na rubani akapona, mahakama ikaja kumwachia mwaka 2019. Wale 11 walikuwa barabarani, nje ya uwanja, hawakukata tiketi. Baada ya hapo Waingereza wakazuia jeti za zamani kufanya sarakasi juu ya nchi kavu, zikabaki kupita tu. Swali, kwanini ilisubiriwa mpaka watu wafe?

Karibuni tujadili, ila tuje na hoja.

Mchangiaji:

Mleta mada nakuheshimu ila umesahau kitu kikubwa, bila hao matajiri unaowabana leo usingekuwa na ndege ya kulindia hoja yako. Vita ilipoisha serikali zilifanya nini? Kule Kingman, Arizona zilipangwa maelfu ya ndege za mabomu zikayeyushwa zikawa vipande vya aluminiamu. Mwaka 1946 rubani wa sinema Paul Mantz alinunua ndege 475 za jeshi kwa kama dola 55,000 tu, hiyo ndio bei serikali iliyoziwekea! Ndege ya mabomu B-29 inayoitwa FIFI ilitolewa na kikundi cha raia mwaka 1971 kwenye uwanja wa majaribio wa China Lake ambako wenzake walikuwa wanafanywa shabaha za makombora. Na serikali hazijabadilika, jeti za F-14 za Marekani zilipostaafu zilisagwa kwasababu waliogopa spea zitafika Iran, ambayo nayo ilikuwa na F-14 zake.

Alafu ndege isiyoruka inakufa. Mipira inakauka, oili inashuka, kutu inaingia, na kibaya zaidi fundi anayejua kuisikiliza ile injini anazeeka anaondoka na ujuzi wake kwasababu hamna kazi ya kumrithisha kijana. Mfano Mosquito, ile ndege ya Waingereza ya vita kuu ya pili iliyojengwa kwa mbao. Ya mwisho iliyokuwa inaruka ilianguka 1996 karibu na Manchester wakafa wote wawili waliokuwemo, tukakaa miaka 16 hamna hata moja angani. Aliyeirudisha ni nani? Ni mkusanyaji binafsi, Jerry Yagen wa Virginia, akalipia kazi ikafanyika New Zealand, ikapaa Septemba 2012. Hakuna makumbusho ya serikali iliyothubutu.

Mleta mada:

Mkuu umeongea vizuri na sehemu ya Kingman sikupingi, tena ni aibu ya serikali zile. Ila angalia mfano wako wa Mosquito. Ile ya 1996 ilikuwa ya mwisho inayoruka na ikaruka mpaka ikaisha, na watu wawili juu yake. Ile ya 2012 mbao zake karibu zote ni mpya, walichonga kwanza moldi upya ndio wakaunda bodi na mabawa. Kwahiyo fundi kijana alijifunza kwa kujenga, na ndege ya zamani haikuhitajika kuhatarishwa. Hicho ndio ninachokidai mimi. Kuna karakana New Zealand wanatengeneza ndege za vita kuu ya kwanza kutoka sifuri, mpaka injini wanaiunda upya. Me 262, jeti za Wajerumani za vita kuu ya pili, zimejengwa mpya zikawekewa injini za kisasa za General Electric. Yak-3, ndege za kivita za Warusi za vita hiyo hiyo, zilijengwa mpya Urusi miaka ya 90. Hizo rusha mpaka uchoke, ikianguka unaumia mfuko, tena abiria hakuna.

Mchangiaji:

Hapo ndio unajichanganya mwenyewe kaka. Spitfire nyingi zinazoruka leo ni kibati cha namba na vipande vichache vya zamani, vingine vyote ni chuma kipya kimepigwa juzi. Sasa unalinda kitu gani ambacho kimeshabadilishwa chote? Na kuhusu watu kufa, mbona ndege za kawaida za watu binafsi zinaanguka kila mwaka na hamna mtu anasema zifungiwe makumbusho. Rubani ni mtu mzima anajua anachofanya.

Mleta mada:

Sijajichanganya, hapo umenisaidia. Spitfire ambayo ni kibati na chuma kipya, mimi naiita ndege mpya, iruke. Ninayoilinda ni ile ambayo ukigusa bati unagusa bati la 1942, rangi ya chini bado ipo, alama za mafundi waliogonga ribiti bado zinaonekana. Ile ndege ya Wajerumani Messerschmitt 109 iliyoitwa Black 6 ilitekwa Libya 1942, watu wakajitolea kuitengeneza karibu miaka 20, ikapaa 1991, ikaja kupinduka Duxford, Uingereza, Oktoba 1997 kwenye onyesho ambalo lilikuwa limepangwa liwe la mwisho kabla ya kwenda makumbusho. Na ile ilikuwa mali ya serikali, kwahiyo usiseme nawachukia matajiri, ninachopinga ni kule kuirusha.

Kuhusu rubani mtu mzima, sawa, yeye kachagua. Dallas, Novemba 2022, P-63, ndege ndogo ya kivita, iliikata B-17 katikati ya onyesho wakafa 6, wachunguzi wakasema waandaaji hawakuwa na mpango wa kutosha wa kuzitenganisha ndege, mtu alikuwa anazielekeza kwa redio papo hapo. Wale watano wa kwenye B-17 walikuwa na nafasi finyu ya kuiona ile inayokuja upande wao. Michigan, Agosti 2023, jeti ya MiG-23 ya mtu binafsi, wawili waliokuwemo wakaruka na viti, ndege tupu ikaenda kuangukia parking ya majengo ya watu ikachoma magari. Hakufa mtu, ila ungekuwa unaishi pale ungeniambia rubani ni mtu mzima?

Mchangiaji:

Mimi ni mchangiaji mwingine, naongeza jambo moja ninyi wawili hamjaligusa. Hizo ndege zinatolewa wapi? B-17 ya Swamp Ghost ilitua kwenye kinamasi Papua New Guinea Februari 1942, ikakaa humo miaka 64, mwaka 2006 wakaja wageni na helikopta wakaichambua vipande wakaibeba. Bunge la kule likahoji, ikazuiliwa bandarini, mwisho 2010 ikaenda Marekani. Wenyeji walibaki na nini? Kabla ya kubishana iruke isiruke tuulize kwanza ni ya nani.

Mleta mada:

Hoja nzito sana hiyo na inastahili uzi wake, mimi ningependa ukiuanzisha unishtue. Nakuunga mkono kabisa, nchi ilipoangukia iwe na kauli.

Nimalizie la yule ndugu aliyesema ndege isiyoruka inakufa, maana nimeona wengi wanalirudia. Kule East Kirkby, Uingereza, kuna Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza ya vita kuu ya pili, inaitwa Just Jane. Waliinunua ndugu wawili wakulima, Fred na Harold Panton, kwa kumbukumbu ya kaka yao aliyekufa kwenye shambulio la mji wa Nuremberg, Ujerumani, 1944. Wakusanyaji binafsi kabisa, tena kwa sababu ninayoiheshimu kuliko zote. Miaka mingi sasa wanaiwasha injini zote nne na kuitembeza kwenye majani na abiria ndani. Oili inazunguka, mafundi wana kazi, vijana wanafundishwa, mama mwenye babu aliyekuwa mpiga bunduki wa nyuma anakaa kwenye kiti kile kile anasikia mtetemo. Lancaster zilijengwa zaidi ya 7,300, zinazoruka leo ni mbili tu, moja Uingereza moja Kanada. Sasa hivi wanaiandaa Just Jane ipae iwe ya tatu. Mimi ningewaomba waiache hapo hapo chini.