Klabu imeshuka hadi National League North: tubaki muda wote, twende jioni, au mseto?

Nahodha_Kaskazini
Wakuu, nawasalimu. Nipo Uingereza, upande wa kaskazini, na ni mwanachama wa chama cha mashabiki chenye sehemu ya hisa za klabu yetu. Tumeshuka kutoka National League, yaani daraja la tano, sasa tunakwenda National League North, daraja la sita. Bodi imetuletea njia tatu na kura ni mwezi huu, kabla wachezaji hawajarudi kambini. Ya kwanza ni kubaki na wachezaji wa kulipwa wa muda wote, mazoezi asubuhi kama kawaida. Ya pili ni kwenda jioni: Jumanne na Alhamisi, kila mchezaji ana kazi yake mchana. Ya tatu ni mseto, baadhi wa muda wote na wengine wa jioni. Mngekuwa ninyi, mngepigia ipi? Naomba mawazo yenye uzoefu.

Mhasibu_wa_Mtaa
Mkuu, umeleta swali bila hesabu. Uwanja ni wa nani? Mnaingiza watu wangapi kwa mechi? Wachezaji wangapi bado wana mkataba, na mikataba hiyo ina kipengele cha kupunguza mshahara timu ikishuka? La mwisho ndilo kubwa: nani anaziba pengo la mapato na matumizi mwisho wa mwaka? Bila hayo tutabaki kukupa mapenzi yetu tu.

Beki_Mstaafu
Muda wote, bila kusita. Torquay ilishuka hadi National League South 2018, ikabaki muda wote, kocha Gary Johnson akaja msimu ukiwa umeshaanza, na 2019 ikatwaa ubingwa. Harrogate nayo iliamua kwenda muda wote 2017 ikiwa daraja hilohilo la sita. 2018 ikapanda, 2020 ikaingia League Two, daraja la nne. Ukifanya mazoezi asubuhi, kocha anapata muda wa kufundisha mipira iliyokufa, na majeruhi wanatibiwa saa za kazi. Halafu klabu kubwa zikitaka kumkopesha kinda wao, zinampeleka kwenye timu inayofanya mazoezi kila siku. Ukienda jioni unafunga mlango huo.

Winga_Teleza
Beki, malizia habari ya Torquay basi. 2021 walifika fainali ya mchujo wa kupanda League Two, kipa wao Lucas Covolan akasawazisha kwa kichwa dakika za nyongeza, wakatolewa na Hartlepool kwa penalti. 2023 wakashuka tena. 2024 klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi na kukatwa pointi 10. Ubingwa wa 2019 ni wa kweli, lakini usiuze nusu ya hadithi.

Kiungo_Punda
Mimi ni wa jioni na sitaficha. Arbroath ya Scotland, wachezaji wake wana kazi zao, ilimaliza ya pili Championship, daraja la pili la huko, msimu wa 2021-22 ikizikimbiza Kilmarnock na timu nyingine za muda wote. Falkirk, klabu kubwa ya muda wote, ilikaa misimu mitano League One ya Scotland, daraja la tatu, tangu iliposhuka 2019. Saa za mazoezi peke yake hazikupandishi.

Beki_Mstaafu
Na Falkirk ilipotoka ilitokaje? 2024 ilichukua ubingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, 2025 ikachukua wa Championship, leo iko ligi kuu ya Scotland. Arbroath yako ilishuka 2024.

Kiungo_Punda
Ikapanda tena 2025 kama bingwa. Tuendelee?

Nahodha_Kaskazini
Mhasibu, majibu: uwanja ni wa halmashauri, tunapanga. Watu ni kama 1,800 kwa mechi. Wachezaji wanane wana mkataba. Kipengele cha kupunguza mshahara nitakiulizia.

Mhasibu_wa_Mtaa
Umeruka la mwisho, la pengo. Ukipanga uwanja, mapato ya baa, maegesho na kumbi za harusi mara nyingi si yenu, na hayo ndiyo yanayolipa mishahara wiki ambazo hamna mechi ya nyumbani. Tena hiyo 1,800 ni ya National League. Msimu ujao wageni wengine watakuja na basi moja.

Mwanachama_Hai
Ndugu Nahodha, nisome kwa utulivu, maana haya niliyaishi. Klabu niliyokuwa naishangilia ilishuka kama yenu. Mmiliki akasimama mbele yetu ukumbini akasema tutabaki muda wote kwa msimu mmoja tu, tukipanda fedha zitarudi. Tulimpigia makofi, na hakuna aliyeuliza tusipopanda itakuwaje. Krismasi tulikuwa nafasi ya tisa, na badala ya kupunguza akaongeza mshambuliaji. Februari mishahara ikachelewa, kwanza ya ofisini, kisha ya wachezaji. Mtaalamu wa viungo alikuwa ananunua bandeji kwa fedha yake. Jumamosi moja nikafika dirisha la tiketi nikakuta karatasi imebandikwa, "Leo fedha taslimu tu", kwa sababu mashine ya kadi ilikuwa imekatwa. Mamlaka ya kodi ikaenda mahakamani kuomba klabu ifungwe. Mmiliki akauza eneo la maegesho kulipa deni hilo, na msimu uliofuata tukacheza na vijana watupu tukashuka tena. Kilichoniumiza zaidi ni wale wafanyakazi. Mama aliyekuwa anafua jezi tangu sijawa mwanachama aliondoka akiwa anaidai klabu. Sisemi muda wote ni vibaya. Nasema fedha ya msimu mzima iwe benki kabla hamjatoa neno kwa mchezaji yeyote.

Winga_Teleza
Pole sana mzee wangu. Hii ndiyo post ya kuchapisha na kugawa pale ukumbini siku ya kura.

Dada_wa_Goli
Kuna jambo naona mnalipita. Daraja la sita, mchezaji mzuri wa miaka 29 ni fundi umeme au mwalimu. Akijumlisha mshahara wa kazi na posho ya mpira wa jioni, anapata zaidi ya ambacho klabu ya muda wote inaweza kumlipa pale. Hawezi kuacha kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja akiwa na watoto. Kwa hiyo ukienda muda wote wale wakomavu wanakukimbia, unabaki na vijana walioachwa na akademia. Wengine ni wazuri kweli, ila daraja lile lina mabeki wanaojua kutumia viwiko. Mimi ningeenda mseto.

Kiungo_Punda
Mseto utakuwa na mazoezi saa ngapi, dada?

Dada_wa_Goli
Jioni, wote pamoja. Wale wa muda wote wanaongeza asubuhi na kazi ya shule za jirani. Ugumu wake naukubali: chumba kimoja cha kubadilishia nguo, mishahara ya aina mbili. Kocha asiye na busara kitamshinda.

Beki_Mstaafu
Na safari je? Ligi ile ina timu 24, mechi 46. Kuna Hereford mpakani na Wales na kuna South Shields pwani ya kaskazini mashariki. Fundi umeme wako atoke kazini Jumanne saa sita mchana kila mara? Mwajiri gani atavumilia?

Dada_wa_Goli
Stockport walivumilia. Walishuka hadi daraja la sita 2013, wakaenda jioni, wakakaa misimu sita, wakatwaa ubingwa 2019. 2022 walirudi League Two.

Winga_Teleza
Baada ya tajiri Mark Stott kuinunua klabu Januari 2020. Weka na hilo.

Mzee_Kombe
Mimi namuonya Nahodha kuhusu Kombe la FA, kwa kuwa bodi nyingi huliweka kwenye bajeti. Timu ya National League inaanzia raundi ya nne ya awali, ya North inaanzia ya pili, kwa hiyo lazima ushinde mechi tatu ndipo ufike raundi ya kwanza yenyewe. Na ule muujiza wa Exeter, waliotoka 0-0 Old Trafford Januari 2005 na marudiano yakawasaidia kulipa madeni, haupo tena. Marudiano yamefutwa kuanzia raundi ya kwanza tangu 2024-25. Wameiondolea klabu ndogo ngazi yake, inaniuma mpaka leo.

Kiungo_Punda
Ndiyo maana kampeni ya 3UP, ya kudai nafasi ya tatu ya kupanda, ni ya haki. Nafasi mbili tu za kupanda kutoka National League tangu 2003, na timu 24 zinagombana. Hapo ndipo watu wanapotumia fedha wasizonazo.

Beki_Mstaafu
Nafasi ya tatu itawafanya watumie zaidi, si pungufu.

Kiungo_Punda
Hapana. Leo timu ya pili inaweza kumaliza na pointi 107, kama Notts County 2023, na bado iende mchujo. Ukiwa na mfumo huo kila mmiliki anaona lazima awe wa kwanza.

Nahodha_Kaskazini
Nashukuru sana wakuu. Nimeuliza la pengo: mkurugenzi mmoja ndiye analiziba, kwa mkopo, na hajasema kama ataendelea. Kipengele cha mishahara kipo kwa watano kati ya wanane.

Mhasibu_wa_Mtaa
Mkopo wenye dhamana ya nini? Na watatu waliobaki wanalipwa hadi lini?

Mzee_Kombe
Yule mshambuliaji wa Notts County, Langstaff, alifunga mabao mangapi msimu ule? 42?

Winga_Teleza
42 ya ligi, ndiyo. Na alikuwa ametokea Gateshead, daraja la sita.