Naomba ushauri: tuisaidieje familia inayouguza mtoto saratani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tupo Uyole, Mbeya. Mtoto wa jirani yetu, miaka minne, ana saratani ya figo na sasa yuko Muhimbili na mama yake. Matibabu ni bure, wale wa shirika la Tumaini la Maisha wanasaidia sana kule, Mungu awabariki.

Shida iko huku nyumbani. Baba anashinda shambani kwenye viazi, watoto waliobaki wanakula kwetu, na mdogo halali mpaka ashike kanga ya mama yake. Mama naye akipiga simu anasema uvimbe umepungua, bora arudi. Hapo ndipo ninapoogopa. Saratani hii hupona kwa watoto wengi, lakini dozi lazima imalizwe hata kama mtoto anacheza.

Tumeanza mchango. Mlioyapitia haya, pesa tumpe baba au tumtumie mama kidogo kidogo kwenye simu? Tumwambie nini asiache tiba? Na mtoto akija likizo kati ya dozi, homa ikimpanda usiku ni dharura, sasa usafiri wa kumfikisha Hospitali ya Rufaa hapa Mbeya mlijipangaje?