MREJESHO: Safari ya wanachuo, Bagamoyo au Kilwa?

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kama kikundi chetu cha wanachuo wa Dar kiende Bagamoyo na kurudi siku hiyohiyo, au kijikaze mpaka Kilwa. Wengi mlisema Kilwa, na hamkukosea.

Tulitoka Mbagala alfajiri na Coaster ya kukodi. Daraja la Mkapa pale Rufiji lina karibu kilomita nzima, basi kila mtu kashika simu anarekodi. Somanga tukashuka kula samaki wa kukaanga (mafuta yalivuja mpaka kwenye gazeti, lakini utamu wake acha tu).

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, Gereza (ngome kongwe, si jela) ndilo linaloonekana kwanza ukiwa kwenye mashua. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, Waomani wakaja kuijenga upya. Picha nyingi zilipigwa hapo, ila mimi nawaambia msiishie hapo. Nendeni Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Kuna bwawa la pembe nane! Kuta ni mawe ya matumbawe. Ukisogea karibu unaona kabisa alama za matumbawe yenyewe. Msikiti Mkuu nao usipime.

Mliouliza bajeti: kinachokula hela ni gari. Mashua mkichangishana haiumi. Kibali cha kutembelea magofu mnakata Kilwa Masoko, mji ulio ng'ambo upande wa bara, kabla ya kuvuka, na mkubaliane na nahodha mapema saa ya kuwarudisha.