Naomba ushauri: Ubuntu inaingia yenyewe ila bado inadai nywila

Wakuu, kuna kompyuta ya kaunta kwenye steshenari hapa Majengo, Dodoma. Inatumia Ubuntu 22.04 (mfumo endeshi wa Linux). Umeme ukirudi inatakiwa iwake na kuingia yenyewe. Kwenye /etc/gdm3/custom.conf (faili la mipangilio ya skrini ya kuingilia), chini ya [daemon], nimeweka:

AutomaticLoginEnable=true
AutomaticLogin=kaunta

Inaingia vizuri. Shida ni kwamba ukigusa Chrome tu, kidirisha kinadai nywila ya GNOME Keyring (hifadhi iliyofungwa ya nywila za programu), kwa sababu Keyring hufunguka kwa nywila ya kuingilia, na hapa hakuna aliyeiandika. Najua naweza kuiachia Keyring nywila tupu kupitia Seahorse (programu ya kuisimamia), lakini nywila zilizohifadhiwa zitakaa wazi kwenye diski, na kaunta ile wanapita watu wengi. Kuwasha Chrome kwa --password-store=basic, yaani isitumie Keyring, naona ni yaleyale. Au nifungue akaunti ya pili isiyohifadhi nywila kabisa?