Maelezo ya picha zako yakae ndani ya faili au ndani ya programu?

Wakuu, kila tukijadili programu ya kupangia picha tunaishia kubishana ipi inafunguka haraka na ipi ina muonekano mzuri, swali la msingi tunalipita. Mimi nasema kabla ya yote angalia programu inaandika wapi yale majina na maelezo unayoyaweka. Kama inayaandika kwenye faili la picha lenyewe, chukua. Kama inayafungia kwenye databesi yake, yaani ghala lake lenyewe la kumbukumbu, achana nayo hata iwe nzuri vipi.

Nina sababu. Nilikaa miezi, jioni kwa jioni, naweka lebo picha za familia, nani yupo, shughuli gani, mwaka gani. Kuna moja bibi kakaa mlangoni kapakata kichanga, nikamuuliza mwenyewe huyu mtoto ni nani, akaniambia, nikaandika palepale. Baadaye nikabadilisha kompyuta nikahamisha mafolda yote, picha zikafika zote salama ila maelezo hakuna hata moja, kumbe yalikuwa kwenye kifaili cha ile programu kilichojificha kwingine kabisa na kompyuta ya zamani nilishaifuta. Ile picha sasa inaitwa IMG_2043 basi. Na bibi hayupo tena wa kumuuliza. Inaniuma mpaka leo.

Wala msidhani kampuni ikiwa kubwa ndo programu itadumu. Picasa, programu ya Google ya kupangia picha, ilipendwa na watu kibao, Google wakaiachia njiani 2016. Google Photos ilianza 2015 unaweka picha bila kikomo bure ukikubali zipunguzwe ubora, Juni 2021 hilo likaisha, sa hivi zinaingia kwenye GB 15 za bure ambazo barua pepe zako nazo zinakula humohumo. Kutafuta picha kwa sura wanaweza sana, sibishi. Ila maelezo uliyoandika mle, siku ukipakua picha zako zote yanakuja kwenye vifaili vya maandishi vya pembeni viitwavyo JSON, na kuyarudisha kwenye picha ni kazi haswa.

Wanaosema folda zinatosha, nusu mko sahihi. Folda inafunguka kwenye kompyuta yoyote. Lakini picha ya harusi ina mjomba, ina shangazi, ina marafiki wa chuo, utaiweka folda ya nani? Ukiikopi kila mahali diski inajaa na kesho hujui orijino ni ipi. Folda ziwe za tarehe, watu na matukio yawe lebo.

Mimi nimehamia digiKam, ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux. Ina vitufe vingi mno na mwanzoni inachosha, nakubali, na lazima uingie kwenye mipangilio ya metadata (ndo hayo maelezo ya picha) uhakikishe inaandika kwenye faili. Mnaotumia programu ya Lightroom Classic nanyi mnaweza, chagua picha bonyeza Ctrl+S, ila kwa picha za RAW, zile ghafi za kamera, za kamera nyingi inaweka maelezo kwenye kifaili cha XMP pembeni, mkihamisha msikiache nyuma. Ukiwa na wasiwasi na programu yoyote weka lebo picha moja, ikopi, ifungue kwa programu nyingine. Lebo ikionekana, umepona.

NAONGEZA: Kuna hoja kwamba programu kugusa faili orijino ni hatari, umeme ukikatika katikati ya kuandika picha inaweza kuharibika. Ni kweli, ndo maana bakapu inatangulia, tena kwenye diski nyingine.

Linalonisumbua mimi zaidi ni kwamba maelezo yakiwa ndani ya faili yanasafiri nalo, ukimtumia mtu faili kama lilivyo anaweza kusoma majina ya watoto wako na hata mahali ilipopigwa kama GPS ilikuwa imewashwa. Mimi natoa nakala, nafuta maelezo kwenye nakala, ndo natuma, na kuna siku nasahau. Nyie wenye picha nyingi hapo mnafanyaje?