Mume wangu hatoki ndani na usiku halali, kwa hapa Dar naanzia wapi kumtafutia mtu wa kuongea nae?

Mama Wawili Charambe
Habari za humu wakuu, mnivumilie uzi ni mrefu kidogo. Mume wangu ana miaka 38, alikuwa na fremu Kariakoo anauza mashuka na mapazia, biashara ikayumba akaingia kwenye hii mikopo ya kausha damu, anakopa huku akalipe kule, mwisho wake mzigo ukabebwa na fremu ikarudi kwa mwenyewe. Toka hapo sio yule mtu ninayemjua. Nikiamka saa nane usiku namkuta kakaa kwenye kochi tv imezimwa anaangalia ukuta tu, mchana ndo analala mpaka watoto wanarudi shule, chakula anachokonoa, kuoga mpaka nimsemeshe, wenzie wa kijiweni wakija ananiambia sema sipo. Kilichonitisha juzi kanambia "nyie mngekuwa na amani kama nisingekuwepo" af akageukia ukutani.

Sasa bimkubwa wake yuko Kilwa anasema mwanae karogwa na watu wa fremu za jirani, anataka tumpeleke kwa mtaalamu Bagamoyo. Kaka yake anasema ni uvivu, atafute kibarua. Mi nasikia kuna wanasaikolojia, kuna kaunselingi, ila naona kama ni mambo ya watu wa Masaki, na Muhimbili nilivyoitaja tu kaniuliza "unanipeleka kwa vichaa?" Bima hatuna. Naanzia wapi na namshawishije?

Kiboko ya Konda
Pole dada. Mwanaume akifulia dawa yake ni hela tu. Mtafutieni mtaji mtaona anavyoamka saa kumi na moja mwenyewe.

Nesi wa Zamu
Kiboko hela ingekuwa dawa wenye hela wasingeugua, na huku kwetu tunawapokea wengi tu wameshuka kwenye magari yao. Dada huyo anaonekana ana sonona, ile wanayoita depression, sijamuona siwezi kuapa, ila hayo yote uliyoandika ndo maswali yenyewe tunayouliza.

Kwanza hilo neno la "nisingekuwepo" usilipite. Leo hii kaa nae muulize kavukavu, unafikiria kujiua? Watu wanaogopa kuuliza wakidhani wanampa wazo, hapana, kumuuliza hakumpi wazo, wengi wanashusha pumzi kuona kuna mtu kathubutu kusema. Akisema ndiyo, tena akawa na mpango wa namna gani na lini, usisubiri Jumatatu, mpeleke idara ya dharura hospitali yoyote kubwa hata kama ni usiku wa manane, na asiachwe peke yake. Na hata akikataa, sumu za panya, dawa za kuulia wadudu wa mimea, vidonge vilivyobaki vya wagonjwa wa zamani, vyote vitoke humo ndani.

Fundi Mwarami
Nesi swali, akisema ndiyo si anakamatwa? Nasikia ni kesi.

Nesi wa Zamu
Kwenye Kanuni ya Adhabu kosa ni kujaribu kujiua, na wengi tunaona hicho kifungu kilitakiwa kiwe kimeondoka zamani. Kuwa na mawazo na kumwambia daktari sio kosa, ndo matibabu yanapoanzia. Msitishe watu jamani, mnafanya wanyamaze.

Dogo wa Tandika
Dada mimi nimepita humo humo, tofauti mi nilipoteza kazi. Usianze na Muhimbili kama inamtisha. Nyie ni wa Mbagala, nendeni hapo hospitali ya Rangi Tatu au zahanati yoyote ya karibu, wakiona inahitajika wanaandika rufaa kwenda Temeke. Hospitali za rufaa za mkoa hapa mjini ni Temeke, Amana na Mwananyamala, kwa hiyo sio lazima uvuke mji mzima. Muhimbili ina idara nzima ya magonjwa ya akili, ila mkianzia chini mnaokoa nauli na foleni.

Mi nilijua nitakuta watu wamefungwa kamba. Nimekuta benchi, mama mmoja na kikapu chake cha sokoni, jamaa kavaa suti anachezea simu, hakuna anayemshangaa mwenzie. Nikaulizwa maswali tisa, ndani ya wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya vitu, usingizi ukoje, unajiona umefeli, vitu hivyo, unajibu wanajumlisha. Wakanipima na damu maana damu ikipungua au tezi ya shingoni ikifanya kazi chini ya kiwango mtu analegea hivyo hivyo. Af ndo nikawekwa na mshauri. Hakunipa mawaidha ya "jikaze mwanaume", alichonifanyisha ni kuandika kila siku nimefanya nini na mood ilikuwaje, tukaanza na vitu vidogo, kutoka nje asubuhi, kumpigia mtu mmoja niliyekuwa namkwepa. Nilimuona wa kipuuzi mwanzoni kusema kweli.

Nikapewa na amitriptilini, vidonge vya sonona, za usiku. Zinakausha mdomo balaa na asubuhi unaamka mzito, ila usingizi ulirudi kabla ya kitu kingine chochote. Waliniambia mapema, mood yenyewe inachukua wiki kadhaa kubadilika kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza, na ukijisikia vizuri usiache kienyeji, wao ndo wanakupunguzia. Na pombe weka mbali kabisa.

Mzee Kipara
Mama, samahani kwa swali, hatumii kitu? Pombe, bangi, unga? Wengi wakifulia wanaangukia hapo na mke ndo wa mwisho kujua.

Mama Wawili Charambe
Hapana mzee wangu, hata sigara havuti.

Nesi wa Zamu
Swali la msingi hilo mzee. Kwa anayesoma huku na ana ndugu wa unga, methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, inatolewa bure, Muhimbili walianza 2011 kisha ikaja Mwananyamala na Temeke. Ila huyu wetu sio njia yake hiyo.

Dada kuhusu hela: ukifika ulizia afisa ustawi wa jamii wa hospitali KABLA hujaenda kaunta ya malipo. Mweleze hali ilivyo, yeye ndo anashughulikia msamaha kwa wasiojiweza, na mkiwa na barua ya serikali ya mtaa inasaidia. Wanasaikolojia binafsi wapo, lakini ulizeni bei ya kikao kwa simu kwanza maana ni kila kikao na sio kimoja, na ulizeni kasomea nini, siku hizi kila mwenye microphone anajiita kaunsela. Na hiyo habari ya vichaa, watu wakisikia akili wanawaza hospitali ya Mirembe Dodoma. Huyu hajafika huko, anatibiwa anarudi kulala kwake.

Bi Mkora
Mi naongelea mama mkwe maana ndo penye kazi. Usibishane nae kuhusu uchawi mwanangu, hutamshinda. Mwambie mama kisomo kiendelee, dua haikatazwi, na hospitali tunaenda. Ila kwa mtaalamu hapana, kule atatoka na makombe na deni jipya, na huyu madeni ndo yaliyomlaza. Na hao wa kausha damu kaeni na shemeji yako muandike nani anadai ngapi, simu za wadai apokee mtu mwingine kwa sasa.

Mpemba wa Ilala
Bi Mkora umenena. Zimbabwe kuna daktari anaitwa Dixon Chibanda kawafundisha mabibi, wanakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki wanawasikiliza na kutafuta suluhu la tatizo moja moja. Walipofanyia utafiti wakakuta inapunguza sonona kweli, na Unguja nako wameanzisha mpango huo huo. Hapa kwetu mabibi kama nyie mpo wengi mnamaliza kipaji kwenye magroup ya WhatsApp.

Bi Mkora
We mtoto una adabu mbovu.

Mama Wawili Charambe
Jamani mbarikiwe. Nimemuuliza kama nesi alivyosema, nilikuwa natetemeka. Kasema mawazo yanakuja usiku ila hana mpango wowote, akalia sana. Sijamtajia akili, nimemwambia twende tukatafute dawa ya usingizi, kakubali ila anataka kaka yake asijue.

Nesi wa Zamu
Na wala hujamdanganya, usingizi ni sehemu ya ugonjwa. Akifika mwache aongee mwenyewe, lakini hilo la mawazo ya usiku hakikisha daktari kalisikia, hata kama utaomba uingie dakika mbili peke yako. Usiku huu lala sebuleni nae.

Dogo wa Tandika
Fikeni asubuhi mapema, bebeni kitambulisho na maji ya kunywa. Kama anaona aibu kukaa foleni na mkewe ni PM, mi niko Tandika tu hapa, nitakaa nae.