Visu sita vya warina asali, Sikonge: Companion, Garberg, BK2 au springi ya gari?

Mzinga wa Gome
Wakuu, kikundi cha warina asali upande wa Sikonge kinataka visu sita vya kudumu, visivyokunjwa. Kazi zake: kubandua gome la mti wa muyombo la kutengenezea mizinga, kuchonga vigingi, kupasua vijiti vilivyolowa ili kupata kiini kikavu cha kuwashia moshi, kubandua mfuniko wa mzinga ulionaswa na gundi ya nyuki, na kukata masega. Yaliyo mezani ni Mora Companion Heavy Duty, Mora Garberg, Ka-Bar BK2, na cha kufuliwa na mhunzi kwa springi ya gari. Panga kila mtu analo tayari. Kipi kitastahimili?

Fundi Tupa
Mkuu, kabla ya jina angalia chuma kinavyoingia kwenye mpini. Companion HD ina unene wa milimita 3.2, unatosha kabisa, ila chuma chake hakifiki mwisho wa mpini, kinaishia ndani ya plastiki. Kwa kuchonga hutaona tofauti. Utaiona ukikigonga mgongoni kwa gongo kupasua mti: bapa likishabanwa katikati na ncha imetokeza ng'ambo, kila pigo la nchani linainua mpini, na nguvu yote inaishia shingoni, pale bapa linapokutana na mpini. Garberg ina unene uleule, bapa la sentimita 10.9, lakini chuma kinapita mpini mzima hadi kuchungulia nyuma. Kwa kugongwa, chukua hiyo.

BK2 ni milimita 6 na ushee, uzito karibu nusu kilo. Ni kigumu kukivunja, sibishi. Ila gome la muyombo hukatwa mstari mmoja wa wima, kisha linanyanyuliwa taratibu kuzunguka shina. Ukiingiza chini yake kitu kinene hivyo, kinakuwa kabari: gome linapata ufa wa pili, na mzinga umeharibika kabla haujaona nyuki.

Ziwa Magharibi
Huku Kigoma ugomvi wetu mkubwa ni kutu. BK2 ni chuma cha kaboni. Bapa limepakwa rangi lakini makali yako wazi, na kutu huanzia hapohapo. Garberg zipo za aina mbili, ya stenlesi na ya kaboni, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

Na wale mnaopenda visu vyenye meno ya msumeno mgongoni: hayo meno yanatafuna gongo lako kila ukigonga, na kila kona ya jino ni mahali pa ufa kuanzia. Msumeno ni msumeno.

Sega Jeupe
Mnazungumzia kuni, mmesahau asali. Asali ni tindikali, pH yake huwa karibu na 4. Kisu cha kaboni kikikata masega ndoo nzima, bapa linageuka rangi, kijivu na weusi, na asali inaweza kubeba ladha ya chuma. Asali ya kuuza ikatwe kwa stenlesi, tena kisu chembamba kirefu cha jikoni, milimita 1.5 au 2, kinachooshwa kwa maji ya moto. Kisu kilichotoka kuchanja muyombo kisiingie kwenye ndoo. Kwa hiyo swali la "kisu kimoja kwa kazi zote" lifutwe. Kisu cha masega hakina haja ya kuwa na nguvu.

Mzinga wa Gome
Hilo nimelikubali. Basi kwa kazi za mti peke yake, springi ya gari vipi? Mhunzi yupo, chuma kipo, na mpini wa mninga tunaweza kuchonga wenyewe.

Mvukuto
Springi ni chuma kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Bapa za springi za malori na gari za zamani huwa na kaboni takriban asilimia 0.6 pamoja na kromiamu au silikoni kidogo, na kwa kisu cha kupigwa hiyo ni bora kuliko chuma kigumu zaidi kinachokatika. Nondo ya kujengea usiiguse, haina kaboni ya kutosha, itabaki laini hata uipashe moto na kuichovya mara kumi.

Kosa la kwanza ni springi yenyewe. Iliyovunjika barabarani ina nyufa ndogo karibu na tundu la bolti la katikati na pale palipovunjikia. Chukua kipande cha mbali na sehemu hizo, kisha kata kijipande cha sentimita 2, kipashe mpaka kiwe chekundu na sumaku ya spika isikishike tena, kichovye kwenye mafuta, kigonge kwa nyundo. Kikikatika kama kigae, chuma kinafaa. Kikipinda, tafuta kingine.

Kosa la pili ni shingo. Wahunzi wengi wanakata mkia, yaani chuma kinachoingia kwenye mpini, ukutane na bapa kwa kona ya mraba. Kisu kitakatikia hapo, hata chuma kiwe kizuri vipi. Chukua tupa ya mviringo, kona iwe na mviringo wa milimita 3 hivi, kisha isuguliwe kwa msasa mpaka alama za tupa ziishe. Unene uachwe milimita 4 mgongoni, na makali yabaki na unene wa milimita 1 hadi wakati wa kuchovya. Yakiwa membamba kabla ya moto yanajipinda.

Mzinga wa Gome
Mhunzi anasema yeye huchovya kwenye maji.

Mvukuto
Maji yanafaa kwa jembe. Springi kwenye maji inapoa haraka mno, utasikia "tik!" ndogo, na huo ndio ufa. Tumia mafuta ya kula, lita 4 au 5 kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, yakiwa na joto la nyuzi 50 hadi 60. Mawese yanafaa pia, ila yapashwe kwanza maana yakipoa yanaganda. Mafuta yakishika moto, funika, usimwagie maji.

Bapa lipashwe kwa mkaa sawasawa, sumaku ikikataa subiri rangi ipande kidogo tu, kisha lizame wima, ncha kwanza, bila kulichezesha kushoto na kulia. Likipoa, pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, limekuwa gumu. Hapo ndipo wengi wanafungia mpini, na kisu kinavunjika siku kikianguka kwenye jiwe. Kirudishe motoni kwa upole saa hiyohiyo: safisha ubavu ung'ae, kilaze kwenye kikaango chenye mchanga juu ya mkaa, mgongo ukielekea chini. Makali yakifika rangi ya majani makavu inayoelekea kahawia, toa. Mgongo ukigeuka bluu ni sawa. Makali yakigeuka bluu yamelainika, anza upya. Huko kurudisha motoni kwa upole kufanywe mara mbili.

Fundi Tupa
Naunga mkono. Mpini wa mninga uliokauka vizuri hausinyai sana kiangazi, kwa hiyo ribiti hazilegei. Mpingo ni mzuri kwa macho lakini ukiutoboa bila kuwa mkavu unapasuka penye tundu.

Kunoa: upana wa bapa ugawe kwa tatu, na mgongo uinuliwe kutoka kwenye kinoo kwa theluthi moja. Bapa la sentimita 3, inua sentimita 1. Hiyo ni karibu nyuzi 20 kila upande, inatosha kwa mti mkavu. Gundi ya nyuki itolewe kwa spiriti kabla ya kunoa, la sivyo inaziba kinoo. Na kisu kisitumike kuchokoa makaa ya bomba la moshi. Makaa yanafuta kazi yote ya mhunzi.

Mzinga wa Gome
Basi imekuwa hivi: Garberg mbili za stenlesi kwa wanaobandua gome, za springi nne za mhunzi, mafuta nampelekea mwenyewe, na visu vya jikoni kwa masega. Panga linabaki na vichaka.

Ziwa Magharibi
Vizuri. Ala za ngozi za hivyo vinne vya springi toboeni tundu moja chini penye ncha, maji yatoke. Na masika yakianza, visu vilale nje ya ala, vimepakwa mafuta.